Anwani ya Banda la Saba

Miaka ile mashamba ya waridi yalipokuwa yakiongezeka upande wa Nduruma, nje ya mji wa Arusha, Sia Elinami ndiye mtu pekee katika shamba lao aliyeajiriwa kuandika programu za kompyuta. Alikuwa mzaliwa wa Machame, amesoma Dar es Salaam, na kazi aliipata kupitia kwa mjomba wake Reginald, meneja wa shamba, mzee wa usharika kanisani ambaye hata wazungu wenye kampuni walimsikiliza. Kabla yao palikuwa na shamba la serikali lililokufa. Milango ilipofunguliwa kwa wawekezaji, trekta kuukuu zikaondolewa, yakasimamishwa mabanda marefu ya plastiki, na ndani yake waridi kwa safu, zikatwe asubuhi na kusafirishwa kwa ndege zikiwa bado hazijachanua.

Waridi hizo zilipuliziwa dawa kali. Banda likishapuliziwa, mtu hakuruhusiwa kuingia mpaka muda wake upite. Zamani mzee Lomayani, mkuu wa wapuliza dawa, alikuwa akifunga kitambaa chekundu mlangoni, na ni yeye tu aliyekifungua. Wanunuzi kutoka Ulaya walipokuja kukagua hawakukipenda. Walitaka mfumo. Reginald akamwambia mpwa wake awatengenezee mfumo.

Sia akautengeneza. Kila mlango uliwekewa kompyuta ndani ya sanduku la chuma lenye kioo mbele. Lomayani akimaliza kupuliza alitoa taarifa ofisini, nayo kompyuta kuu ya ofisini ikabadilisha skrini ya mlango unaohusika. Mwanzoni Sia aliweka maandishi. Siku ya majaribio, mkata maua mmoja aitwaye Namnyaki, mke wa mtu kutoka Ngaramtoni, alisimama mbele ya kioo akakitazama kwa muda.

"Dada, hapa pameandikwa nini?"

"Pameandikwa usiingie."

"Mimi sisomi. Na wenzangu hawa wengi hawasomi. Tuwekee rangi."

Sia akaweka rangi. Nyekundu, kaa nje. Kijani, ingia. Namnyaki akacheka, akawaita wenzake kwa Kimaasai waje waone.

Likabaki swali moja la kitaalamu. Programu ilikuwa ile ile kwenye mashine zote, na Reginald alikuwa na haraka, wageni walikuwa njiani. Kompyuta ingejuaje iko kwenye mlango gani? Sia akachukua njia fupi. Ndani ya kila kompyuta kuna kadi ya mtandao, kile kipande kinachochomekwa waya, na kila kadi hutoka kiwandani na anwani yake ya tarakimu na herufi, isiyofanana na ya kadi nyingine. Programu ikiwaka, kwanza iliiuliza mashine: anwani ya kadi yako ni ipi? Ikapeleka jibu ofisini, na ofisi ikaitambua: wewe ni banda la Nne, wewe ni la Tano. Kazi ikaenda vizuri. Wageni walipiga picha. Lomayani akaambiwa asihangaike tena na kitambaa.

Msimu wa mvua upepo kutoka mlimani ulichana plastiki ya banda la Saba. Waridi zake ziling'olewa, kompyuta yake ikapelekwa stoo. Baadaye kidogo, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya banda la Nne ikapoteza mtandao. Arnold, fundi wa umeme wa shamba, aliifungua akakuta kadi imeungua. Mjini hakupata kadi ya aina ile. Akaenda stoo, akaitoa kadi ya mashine ya Saba, akaichomeka kwenye ya Nne. Skrini ikawaka. Akafunga sanduku, akaendelea na pampu za maji zilizokuwa zikimsubiri. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kadi ile ndiyo jina la mlango.

Asubuhi moja Lomayani na vijana wake walipuliza banda la Nne kabla jua halijatoka. Ofisini Nne ikawekwa nyekundu. Lakini mashine iliyokuwa mlangoni pa Nne ilijitambulisha kuwa ni Saba, na Saba, banda tupu lisilopuliziwa kitu, lilikuwa kijani.

Namnyaki aliwatangulia wenzake kama kawaida yake. Anna, aliyemfuata, alisema baadaye kwamba mlangoni harufu ilikuwa kali, lakini harufu haikuwahi kukosekana kule, na rangi ilikuwa kijani. Walifika katikati ya safu. Namnyaki akalalamika kwamba macho yanamwasha. Akatema mate mengi, akapiga magoti kati ya miiba, halafu akaanguka kifudifudi. Anna alimvuta kwa miguu huku yeye mwenyewe akitapika. Walipomfikisha nje, midomo yake ilikuwa imejaa povu na mwili ukimtetemeka. Pikapu ya shamba iliwakimbiza hospitali mjini. Anna alilazwa akapona, ila mikono ilibaki ikitetemeka. Namnyaki alifariki jioni ile ile, mumewe Kasaine akiwa bado njiani kutoka Ngaramtoni.

Kesho yake Reginald aliwakusanya wasimamizi. Alikuwa na sura ya mtu ambaye hakulala.

"Nimeangalia kompyuta ya ofisini kwa macho yangu," alisema. "Banda la Nne lilikuwa jekundu tangu alfajiri. Marehemu alidharau onyo, akawaponza na wenzake. Mungu amrehemu."

Wanawake waliokuwa kwenye safu ile walisema ilikuwa kijani, lakini ni nani angeamini neno lao mbele ya kompyuta? Habari ikafika Ngaramtoni kabla ya jeneza: Namnyaki aliona nyekundu, akapita.

Sia alitamani kuamini. Ingekuwa rahisi. Lakini Namnyaki hakuwa mtu wa kudharau rangi aliyoiomba mwenyewe. Akakaa mbele ya kompyuta kuu, akatazama mabanda yote moja baada ya jingine. Nne lilionekana jekundu, sawa. Kisha akaona kitu kingine. Saba lilionekana liko hewani. Banda lisilo na paa, ambalo kompyuta yake ilikuwa stoo imefunikwa gunia, lilikuwa linaongea na ofisi.

Alibeba kibodi akaenda mpaka mlango wa Nne, akafungua sanduku. Pale pale, amesimama, aliandika programu fupi ya kuiomba mashine itaje kadi zake zote za mtandao na anwani za kila moja. Akabonyeza. Ikaja kadi moja tu, na anwani yake. Hakuhitaji kulinganisha na chochote. Anwani zile alikuwa ameziingiza kwa mkono wake mwenyewe, na hii ilikuwa ya Saba. Aliirudia mara nyingine, kana kwamba mashine ingeona haya na kubadili jibu. Akafunga sanduku.

Alimkuta mjomba wake peke yake ofisini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alimweleza yote: kadi, stoo, Arnold, Saba.

Reginald alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mjomba, mlangoni ilikuwa kijani. Yule mama hakukosea. Nimekosea mimi. Ningemwambia Arnold, au ningeweka njia nyingine—"

"Sikiliza, mwanangu. Wanunuzi wakisikia, wataenda kununua Naivasha, kule Kenya. Shamba likifungwa, watu wote hawa wanakwenda wapi? Na wewe utashtakiwa, mtoto wa dada yangu. Aliyekufa amekufa. Kadi ibadilishwe, kila kitu kikae sawa, basi."

"Nyumbani kwao wanasema amewaponza wenzake."

"Watasahau."

Sia akatoka. Wiki ile ile kadi mpya ikaletwa kutoka Nairobi, ikachomekwa, na mtu mwingine, si yeye, akaagizwa aiingize ofisini kwa jina la Nne.

Walipomaliza mazishi, Sia alikwenda Ngaramtoni. Boma la kina Kasaine lilikuwa juu kidogo ya mji, kwenye mteremko wa Meru, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi nyuma ya nyumba. Kasaine alimpa kigoda. Mama mzazi wa Namnyaki alikaa kizingitini, hakuitikia salamu. Sia alijaribu kueleza mambo ya kompyuta, akaona hayaelezeki, akasema tu:

"Mlangoni ilikuwa kijani, kaka. Mashine ndiyo ilidanganya, na mashine niliitengeneza mimi."

Kasaine aliwapisha ng'ombe wakapita wote kuelekea majini.

"Dada, mimi nilijua," akasema. "Nimeishi naye. Mke wangu alikuwa hapiti hata palipopigwa deki. Ila ni mimi peke yangu ninayejua. Utasema mbele ya serikali?"

"Nitasema."

Alisema. Kwa afisa kazi, mjini, waliitwa wote. Sia aliomba watu waende shambani, akaiendesha ile programu yake mbele yao kwenye mlango wa Nne. Ikaja anwani mpya, iliyosajiliwa kihalali kwa jina la Nne. Aliomba itafutwe kadi iliyokuwepo siku ile. Stoo, mashine ya Saba haikuwa na kadi kabisa. Ile iliyotolewa mlangoni pa Nne ilikuwa imetupwa.

Afisa akamgeukia fundi. "Bwana Arnold, ulihamisha kadi kutoka Saba kwenda Nne?"

Arnold alikuwa ametazama viatu vyake tangu walipoanza. Alikuwa na watoto wanne nyumbani Ngarenaro, mjini, na mke aliyetoka kufanyiwa upasuaji.

"Sikumbuki kufanya hivyo, mheshimiwa."

"Arnold!" Sia akasema.

"Sikumbuki, dada."

Reginald hakumwangalia mpwa wake. Wakili wa kampuni akauliza kama binti huyu hakuwa na ugomvi na uongozi. Shauri likafungwa kama ajali iliyotokana na uzembe wa mfanyakazi. Sia aliachishwa kazi siku iliyofuata, na Krismasi ile, kule Machame, mama yake alimwomba asije ili mjomba apate kula kwa amani.

Kasaine ndiye aliyekuja kumtafuta katika chumba alichopanga Ngarenaro. Hakuwa na lawama wala shukrani.

"Serikali imekataa. Njoo basi useme kanisani. Mama mkwe wangu watu hawakai naye benchi moja."

Jumapili ile, ibada ilipomalizika, mwinjilisti Lesian alimsimamisha mbele. Sia alizungumza Kiswahili, Lesian akatafsiri kwa Kimaasai kwa ajili ya wazee. Alipofika kwenye kadi na anwani yake, Lesian alisita, akafikiri, kisha akasema sentensi moja fupi. Kanisa likaguna.

"Umewaambiaje?" Sia akanong'ona.

"Nimesema mashine iliulizwa jina lake, ikataja jina la mwenzake."

"Ndivyo."

Akamalizia: kwamba Namnyaki alitii alichoonyeshwa, na kwamba aliyekuwa na wajibu wa kuhakikisha kinachoonyeshwa ni cha kweli alikuwa yeye Sia. Hakuomba msamaha kwa sababu hakujua amwombe nani kwanza. Mama yake Namnyaki alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akajifunga vizuri shuka lake, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumwangalia mtu. Lakini wanawake wawili waliokuwa benchi la nyuma wakainuka wakamfuata, na nje Sia akawaona wakitembea naye, mmoja huku na mmoja huku, kuelekea bomani.

Anna alikuwa akimsubiri penye bomba la maji, viganja amevificha kwapani ili visionekane vikitetemeka.

"Dada Sia. Ile ya mlango wa Nne, sasa hivi inataja jina lake?"

"Sasa inataja lake. Unauliza ya nini?"

"Wameniita kazini. Kesho naanza tena, na nimepangiwa Nne."

"Anna, usiingie kwa kutazama rangi. Kwanza muulize mzee Lomayani kama amepuliza."

"Lomayani ameacha kazi. Amerudi kwenye mbuzi wake." Anna akatazama barabara ya Nairobi, ambako gari la wafanyakazi lingepita alfajiri. "Aliyekuja badala yake simjui, na hasemi na sisi."

Akamuaga Sia, akashika njia ya kwenda nyumbani kupika.