Zuio Juu ya Nyumba ya Zaituni

Zaituni alitoka eda akidhani amemaliza kulia. Miezi yote ile alijifungia ghorofani, hapo Laeken, mtaa wa Brussels, kama mjane yeyote wa Kiislamu wa Bujumbura, na mambo ya nje akamwachia Mustafa, mdogo wa marehemu mumewe. Lo! Alimwachia fisi bucha.

Siku ya kwanza kutoka alikwenda kwa notari kushughulikia mirathi. Akaambiwa nyumba imewekewa zuio kwa bili za maji zisizolipwa. Ofisa wa mahakama angekuja mchana huohuo kuikagua, na deni lisipolipwa, itapigwa mnada. Bili gani hizo, za mama na watoto wawili?

Jibu lilikuwa uani. Mustafa, kavaa buti za mpira, alikuwa anaosha teksi ya mtu kwa mashine. Nyingine mbili zilingoja zamu, wenyewe wamesimama kando.

“Shemeji,” Zaituni alisema, “donc unaosha magari na maji ya batoto bangu? Na pesa nilikupa ulipe, iko wapi?”

“Hii nyumba ni ya kaka yangu. Wewe ulikuya na valise moja ya nguo tu. Alors, panda juu!”

Akamgeuzia mpira wa maji. Maji yale makali yalimpiga kifuani, yakamvua mtandio, yakambwaga chini. Wenye teksi wakacheka. Mustafa akamkamata nywele, akampigiza uso kwenye gurudumu, akarudia. Jino likang'oka. Hapo hasira ilimpanda Zaituni, hasira ya mtu anayeibiwa mchana kweupe na kipigo anapewa yeye. Akapapasa chini, akapata spana ya magurudumu.

Alimpiga goti, Mustafa akaanguka akipiga ukelele. Akampiga bega. Akampiga taya, na mfupa ukalia. Maji ya sabuni yakageuka mekundu. Wenye teksi walikwishatimua mbio, wameyaacha magari yao yenye povu.

Ofisa wa mahakama aliingia na askari wawili, wote wakasimama ghafla.

“Mwenye nyumba ni nani?” aliuliza kwa Kifaransa.

Mustafa, taya limening'inia, alinyoosha kidole chenye damu. “Ni yeye,” alikoroma. “Miye niko mugeni tu.”

Zaituni alitema jino. Alijua akinyamaza sasa, wanawe watapoteza nyumba kwa kimya chake mwenyewe.

“Ni mimi,” alisema. “Nyumba ni yangu na ya batoto bangu.”

Askari akamnyang'anya spana, akamfunga pingu.