Unga wa Sikuzani

Mama unayenunua unga wa muhogo, uunuse kwanza. Mimi nilinusa, nikasikia ule ukali, nikaupika hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka ule wa vita, wasoda, wale askari, walipofunga ziwa. Ndagala, wale samaki wadogo, hakuna. Wiki saba tulikula bugali na chumvi. Sikuzani, muuzaji wa unga hapa soko la Rumonge, aliniapia: "Mama Yasmini, huu muhogo umelala ndani ya maji siku ine. Haki ya Mungu!"

Asubuhi moja Yasmini wangu, mutoto wa miaka saba, alisimama, akaanguka. Miguu ilikakamaa kama vijiti. Nilimubeba mpaka dispensere, kwa Jean-Pierre, muganga wa kutoka Kongo. Alimugusa magoti, akaniuliza: "Muhogo muchungu, muliloweka siku ngapi?"

Akanieleza. Ndani ya mishipa yetu iko majiko madogo, macho hayayaoni, ndiyo yanatupa nguvu. Sumu ya muhogo ambao haukulowekwa vizuri inayazima. Samaki ingesaidia mwili kuitoa. "Kwetu tunaita konzo."

"Yawashe basi!"

"Mama, wadaktari wanatafuta dawa ya kufika mpaka kwenye hayo majiko. Bado hawajaipata."

Siku ya soko nilipika unga uliobaki, nikaweka sahani mbele ya Sikuzani.

"Karibu, dada. Nimekupikia unga wako."

Akacheka. "Nimeshiba, mama."

"Basi mupe Keren."

Keren ni binti yake. Sikuzani alimuvuta haraka, akamuficha nyuma ya mugongo. Soko nzima iliona.

"Wasoda wanaiba muhogo kwenye mashimo ya kulowekea!" akalia. "Ningeuacha siku ine ningekuta nini? Niliutoa kesho yake. Nisamehe!"

"Kula kwanza."

Hakula.

Tangu siku hiyo, kila soko nilimuketisha Yasmini kwenye mukeka, mbele ya meza yake. Mununuzi akiuliza mutoto ana nini, nilimuonyesha unga kwa kidole. Baada ya miezi miwili Sikuzani alihama.

Sasa nasikia anauza unga soko la Nyanza-Lac, na anaapa vile vile: siku ine.

"Mama, nimechoka kutazamwa," Yasmini ananiambia.

Nimesikia, mwanangu. Lakini barabara iliyofungwa na vita imefunguliwa, na kule soko ni kesho. Mukeka nimeshaukunja.