Mnyororo wa Saa ya Akina Tuckwell

Jumanne, tarehe tisa Novemba 1926, saa nane na dakika kumi mchana. Ukungu ulikuwa umefunika Clerkenwell, mtaa wa London, na taa ya gesi ilikuwa ikiwaka dukani.

Ambrose Tuckwell, fundi saa wa miaka sabini na mmoja, aliketi kando ya meza ya kazi. Kwenye kitambaa cheupe vilitandazwa vipande vya saa ya ukoo. Saa hiyo haikuwa na kasha. Magurudumu yake yote ya shaba yalionekana wazi kama mbavu. Aliyeiunda ni babu yake. Tangu hapo kila mrithi huiunganisha peke yake mbele ya baba. Ikitembea, saa na duka ni vyake. Akishindwa, zamu humwendea nduguye. Ila ndugu akifungua mdomo kazi ikiendelea, naye hupoteza zamu.

Wa kwanza kujaribu alikuwa mwanawe Wilfred, karani wa bima. Dada yake Hester, aliyefanya kazi kwenye meza ile kwa miaka kumi na minane, alisimama nyuma ya baba.

"Dada, mbona unanitazama kama paka anayevizia samaki?" Wilfred aliuliza.

"Anza. Samaki mwenyewe bado simwoni."

"Kimya," alisema mzee.

Wilfred alijitahidi. Jasho lilimtoka, lakini magurudumu yalikaa mahali pake. Ukabaki mnyororo mwembamba unaounganisha pipa la springi na koni inayosawazisha nguvu yake. Una kulabu mbili zisizofanana. Wilfred aliziweka kinyume, akachukua ufunguo wa kukazia springi.

Hester aliona. Springi ikikazwa, kulabu ingechomoka, mnyororo ungefyatuka na meno ya magurudumu yangevunjika. Akinyamaza, zamu ingekuwa yake, lakini saa ingeharibika. Alimtazama baba; mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Wilfred, usizungushe! Umegeuza mnyororo."

Ufunguo ulibaki hewani.

"Hester!" mzee alifoka. "Unajua umejifanyia nini?"

"Najua, Baba. Tazama kulabu."

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia shaba. Akazigusa kulabu kwa kidole.

"Sikuziona," alisema taratibu. "Ningemwacha akaze. Tangu Agosti macho yangu hayaoni kitu kidogo kama hiki, nami sikumwambia mtu."

Wilfred ndiye aliyeinuka kwanza.

"Dada, keti hapa. Mimi bima zangu zinanitosha, na mikono hii itaniletea kesi."

"Utaratibu hauniruhusu," alisema Hester.

"Utaratibu unamtaka baba anayeona," alijibu mzee. "Keti, mwanangu."

Wilfred alinawa mikono, akala kipande cha keki na kuondoka kwa treni ya saa kumi na moja. Mzee Tuckwell alimwandikia daktari wa macho barua, kwa herufi kubwa. Hester aliufungua mnyororo, akaugeuza, akaanza kuufunga upya.