Vikapu vya Ukutani

Bibi Vikapu alisuka mwezi mzima. Vidole vikamchubuka, mgongo ukamwambia basi, naye akauambia ngoja kwanza. Kamati ya kulisha wenye njaa mtaani ilikuwa imeomba kila mwenye kazi ya mikono atoe chochote kiuzwe mnadani, ipatikane hela ya unga. Yeye alitoa vikapu saba. Sifa hakuzitaka. Mlango wa pili aliishi Mama Pacha, mjane, na siku ya tatu hiyo watoto wake walishindia uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Kamati ilimwambia asubiri mnada.

Siku ikafika. Bibi akaingia ukumbini, akavitafuta vikapu vyake mezani. Wapi! Kulikuwa na vitambaa, miiko, na mdoli wa jicho moja aliyeshonwa na fundi cherehani. Akainua macho. Loo! Vyote saba vimepigiliwa misumari ukutani nyuma ya kiti cha mgeni rasmi, vimetiwa maua ya plastiki.

"Bibi yangu! Umeona tulivyokupamba?" Mwenyekiti wa kamati alimjia mbio.

"Nimeona mlivyonitoboa. Vinauzwa saa ngapi?"

"Haviuzwi, ni vizuri mno! Tukiviuza, mgeni akija atakuta ukuta uko uchi."

"Kwani ukuta nao una njaa?"

Fundi cherehani akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na vile nilivyotoa mwaka jana viko wapi?" Bibi akauliza.

"Stoo. Tumevitunza, hata panya hajavigusa."

Watu walizoea kusema Bibi ana subira ya punda. Lakini hata punda hupiga teke. Alikivuta kiti cha mgeni rasmi, akakipanda na viatu vyake, akaanza kung'oa.

"Bibi, utaanguka!"

"Nikianguka nipambeni tena."

Akavipanga mlangoni. Zamani mama yake hakuuza kikapu kwa hela. Mnunuzi alikijaza chakula, chakula akammiminia mama, kikapu akaenda nacho. Bibi akatangaza bei hiyo hiyo. Fundi cherehani akajaza maharage. Mwenye duka akaja na chumvi.

"Chumvi! Kwani wale watoto ni samaki wa kukaushwa?"

Akarudi na unga, kichwa chini. Wengine nao wakajaza unga na maharage, vidogo vikaisha. Kikabaki kikubwa, Mwenyekiti anakizungukazunguka.

"Hiki niachie nimpe mgeni, Bibi, nakuomba."

"Kijaze."

"Nikijaze nini mimi?"

"Jikoni nimeona gunia la mchele."

"Ule ni wa kulisha wageni!"

"Na wale pacha watalishwa lini, mwanangu? Mgeni akishashiba?"

Nje honi ikalia. Mgeni kafika, ukuta mtupu, zawadi hakuna. Mwenyekiti akaenda jikoni akinung'unika, akarudi na gunia, akamimina hadi nusu.

"Bado," Bibi akasema.

Akamimina mpaka ukingoni.

Ndipo Bibi alipoona kosa lake: vikapu vyote vimekwenda, na chakula hana cha kubebea. Akasonya. Akakivuta kitambaa cha meza ya mgeni rasmi, akafunga mchele, unga na maharage kila kimoja fundo lake, akajitwika, akatoka ubavuni mwa mgeni bila hata kumwamkia.

Mama Pacha akafungua mlango. "Mnada umeisha, Bibi?"

"Sijui, wala usiniulize. Bandika maji."