Sababu: Maji

Mimi ndiye niliyemchagulia dada yangu ile laptop, na nilimchagulia kwa kiburi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanihurumia mahali nisipostahili.

Dada anachora majengo. Siyo kwa penseli. Anajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta, na ngazi zake, na madirisha yake, mpaka kivuli cha saa kumi alasiri kinavyoanguka sakafuni, halafu anamtembeza mteja humo kabla hata tofali moja halijawekwa. Kazi hiyo inataka mashine yenye nguvu. Ile ya zamani ilipochoka alikuja karakanani kwangu na picha za laptop mbili. Moja ilikuwa nene, nzito kama jiwe la kusagia, feni zake zina kelele, lakini inajipooza vizuri. Ya pili ilikuwa nyembamba na nzuri ya kutazama, nguvu zilezile, ila kila fundi anajua kwamba nguvu zile katika mwili ule ni homa isiyopona. Mtu mwenye akili zake angemwambia achukue nene.

"Chukua nyembamba," nikasema. "Joto niachie mimi."

"Una hakika, Bisibisi?" Ndivyo anavyoniita tangu nilipoifungua redio ya mama nikiwa na miaka tisa, nikaifunga tena na skrubu tatu zikabaki mkononi.

"Dada, umesahau unaongea na nani?"

Basi nikaanza mambo yangu. Kati ya prosesa, ule ubongo wa mashine, na mabomba ya shaba yanayobeba joto, kiwanda huweka grisi ya kijivu. Nikaifuta yote. Badala yake nikaweka metali ya maji, ile inayong'aa na kukimbiakimbia kama zebaki. Inabeba joto kuliko grisi yoyote, ila ina tabia moja mbaya: inapitisha umeme. Tone likitoroka likaangukia vile vipande vidogo vinavyozunguka prosesa, mashine imekwisha. Ndiyo maana sisi mafundi huvipaka kwanza rangi ya kucha, hii hii ya dukani, ili tone likitoroka lisipate pa kuuma.

Nilipaka pande tatu. Upande wa nne rangi ikaniishia, na dada alikuwa amesimama mlangoni akichezesha funguo za gari. Nikajiambia, ah, huku hakuna kitu cha maana. Tena metali nikaizidisha kidogo, maana mkono ulishazoea sifa. Nikafunga, nikaingia kwenye mipangilio nikainua kikomo cha umeme, nikaiwasha. Joto likashuka nyuzi kumi na nane na mashine ikaenda kama imefufuka. Dada alinikumbatia. Wiki ile ile aliwasimulia wenzake, na nusu ya ofisi yao ikahamia kwangu. Kichwa kikanivimba, sikatai.

Miezi saba ikapita.

Jumatano moja asubuhi dada aliingia karakanani ameikumbatia laptop kifuani kama mtoto mwenye degedege. Nyuma yake alikuwa mama. Mama anaishi kwa dada tangu baba alipofariki, na mwaka huu alikuwa ameanza kusahausahau. Mara aache jiko linawaka, mara funguo zikutwe ndani ya friji. Si mambo makubwa, lakini dada anaishi naye peke yake na anatoka kazini amechoka, na mwezi uliopita alikata kauli: likitokea jingine, mama ahamie kwa kaka mkubwa, mji mwingine. Kaka ni mtu mwema. Ila anaondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia, na nyumba yake ina ukuta mrefu kiasi kwamba hata jirani humwoni. Mama alipaogopa.

"Kule nitaongea na friji," alikuwa ameniambia, akacheka, na macho hayakucheka.

Dada akaiweka laptop mezani. "Imezimika. Jana jioni ilikuwa nzima, nimeitoa kwenye begi leo asubuhi haiwaki. Kesho saa nne nawasilisha lile jengo la maktaba. Miezi mitano ya kazi, Bisibisi. Nisaidie."

"Iliguswa na nini?"

Akamtazama mama.

"Ni mimi," mama akasema. "Jana niliipangusa vumbi. Kwa kitambaa kibichi. Lakini nilikikamua, mwanangu. Nilikikamua mpaka mikono ikauma."

"Mama, nimekwambia mara ngapi usiguse meza yangu?"

"Nilikikamua," mama akarudia, safari hii akiniambia mimi, kama mtu anayemwangalia hakimu.

Nikawaambia wakae kwenye benchi. Nikageuza laptop, nikatoa skrubu kumi, nikainua kifuniko. Kukavu. Nikatoa feni, nikatoa mabomba ya shaba. Hapakuwa na alama ya maji wala kutu, hata lile doa jeupe linaloachwa na tone likikauka. Kitambaa cha mama kilikamuliwa, na kilikamuliwa vizuri. Halafu nikaivuta hadubini, nikatazama pembeni mwa prosesa, upande wa nne. Palikuwa na kidonge kimoja cha rangi ya fedha, kidogo kuliko punje ya mtama, kimekaa katikati ya vipande viwili kikiviunganisha. Miezi saba dada alikuwa akiibeba laptop imesimama wima begini, akipanda na kushuka ngazi, na tone langu la ziada lilikuwa likitambaa taratibu kuelekea pale nisipopaka rangi.

Nilijua saa ile ile ninachopaswa kusema, sikuhitaji kufikiri. Na nilijua saa ile ile kwamba sitasema.

Hapa inabidi nieleze desturi ya karakana yangu. Kila mashine inayopita mezani kwangu naifunga kikaratasi chenye neno moja, sababu ya ugonjwa wake. Vumbi. Joto. Kuanguka. Maji. Nikishakifunga sikibadilishi. Watu wameshanililia humu ndani. Mwingine, mzee mmoja wa mahakama, alitaka niandike joto ili dhamana ya duka imfae, na mashine yake ilikuwa inanuka soda. Nilimwambia aende kwa fundi mwingine. Miaka kumi na minne sijawahi kubadilisha neno, na jina langu mjini limesimama juu ya vikaratasi vile. Dada mwenyewe huwaambia watu: Bisibisi akikwambia kitu kimekufa, wewe andaa mazishi.

Nikajitetea moyoni. Nikasema, nikikubali, ofisi nzima itakimbia. Kila aliyewekewa metali ile ataleta mashine yake akitetemeka. Mama atasemwa kidogo tu, na mama hashikiwi kinyongo. Mambo ya kwenda kwa kaka ni hasira za dada, zitapoa. Mtu akitaka kudanganya hakosi wakili kifuani mwake.

Nikachukua spiriti na brashi, nikasugua. Nilisugua metali, nikasugua na rangi ya kucha zile pande tatu, mpaka bodi ikawa safi kama imetoka kiwandani jana. Ndipo nikaandika kikaratasi, nikakifunga.

"Ni maji," nikasema bila kugeuka.

"Lakini nilikikamua," mama akasema polepole.

"Mama, tone moja linatosha."

Nilipogeuka alikuwa akiitazama mikono yake, viganja juu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichokijua.

Kazi ya dada haikupotea. Nilitoa diski, nikaipachika kwenye mashine yangu ya akiba, na michoro yote ilikuwemo. Lakini mashine ile ya akiba ni mzee wa watu, na kesho yake mbele ya wateja jengo likakwama mlangoni. Dada alijaribu kuwatembeza ndani ya maktaba, picha ikawa inasogea hatua moja na kusimama, inasogea na kusimama. Walimshukuru kwa adabu. Saa nane mchana wakampigia kwamba wamechagua wengine. Saa tisa alimpigia kaka.

"Jumamosi anakuja kumchukua," akaniambia kwenye simu. Alikuwa analia. "Usidhani nafurahi. Lakini siwezi tena. Nimeshindwa."

"Dada, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Nyumba iungue?"

Ijumaa mchana nilifunga karakana, nikaenda. Njiani nilipiga moyo konde, nikarudiarudia maneno: ni mimi, si maji, ni mimi. Niliyasema kwa sauti mpaka mpita njia mmoja akanipisha.

Mama alikuwa sebuleni, kwenye ukingo wa kochi, mikono ameifumbata mapajani. Alikuwa amekaa kama mgeni. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai kimepoa.

"Mbona hunywi, mama?"

"Namsubiri dada yako anisogezee hapa karibu. Sitaki kushika vitu hovyo."

Kikombe kilikuwa umbali wa mkono wake. Mwanamke huyu alitulea watoto watatu akishona mashuka ya hospitali, na sindano haikuwahi kumchoma. Nilishikwa na aibu ambayo sijawahi kuijua. Nikamwita dada kutoka chumbani, alikokuwa akikunja nguo za mama, nikawaambia wote wawili nikiwa nimesimama.

"Haikuwa maji."

Dada akakunja uso. "Nini?"

"Laptop. Haikuwa maji. Ni ile metali niliyoweka mimi. Nilizidisha, halafu upande mmoja sikupaka kinga. Ilitembea ikaunguza bodi. Nimeona kwa macho yangu, nikaogopa kusema. Mama hakufanya kitu. Kitambaa alikikamua, kama alivyosema."

Nilitegemea anipige. Kwa kweli nilitaka anipige. Dada alinitazama, na badala ya hasira nikaona uso wake unalainika, na hapo nikaanza kuogopa.

"Bisibisi," akasema kwa upole, "usifanye hivi."

"Nifanye nini?"

"Najua unampenda mama. Hata mimi nampenda. Lakini usijivunjie jina kwa ajili ya kumsitiri."

"Simsitiri! Nakwambia ukweli."

"Uliandika maji. Lini umewahi kubadilisha neno? Yule mzee wa mahakama alikubembeleza nusu saa, nikiwepo, hukubadilisha. Leo, siku moja kabla kaka hajaja, unakumbuka kwamba hukupaka kinga?"

"Njoo karakanani nikuonyeshe."

"Utanionyesha nini?"

Bodi ilikuwa safi. Nilikuwa nimeisugua kwa mikono yangu hii, na kwa ustadi wangu wote, hata fundi mwenzangu angeapa kwamba hapakuwahi kuwekwa kitu. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa. Yangu ilikuwa imenifikisha kwenye ukuta, na ukuta wenyewe nimeujenga mimi na kuupiga lipu.

"Niamini tu," nikasema. "Mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana siamini," dada akasema, akanishika bega. "Wewe ungefanya chochote kwa ajili yake."

Nikapiga magoti mbele ya mama. Nilidhani yeye angalau atanishika mkono, maana yeye alikuwepo, yeye ndiye aliyekikamua kitambaa. "Mama, mwambie. Ulisema mwenyewe. Ulikikamua mpaka mikono ikauma. Mwambie dada."

Mama akanishika kichwa kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza mikono ile kutoka mapajani tangu nilipoingia.

"Usijitie dhambini kwa ajili yangu, baba," akasema. "Siku ile nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimesahau. Nimekaa nikafikiri siku mbili hizi, nikajilazimisha, na sasa nimekumbuka. Kitambaa kilikuwa kinachuruzika. Nilikitoa kwenye ndoo hivyo hivyo. Maji yaliingia pale kwenye herufi, niliyaona yanaingia, nikaogopa, nikanyamaza."

"Mama, hapana. Hayakuingia."

"Yaliingia. Yalikuwa na povu kidogo, ya sabuni." Akamgeukia dada, uso umechangamka kuliko nilivyouona miezi mingi. "Unaona? Nakumbuka mpaka povu. Na mimi nilidhani kichwa kimeshaniacha kabisa."