Jiwe la Birika

Nyumba mpya ya Fahima ilinuka rangi, na kila kitu ndani yake kiling'aa, likiwemo tangi la kioo la samaki aliloletewa na mumewe, Athman. Kila asubuhi Fahima alimwaga maji yote, akasugua kioo na changarawe, akajaza maji mapya ya kisima. Hata hivyo samaki walipanda juu wakitweta, midomo wazi, kama watu walionaswa ndotoni.

"Viache vijidudu viote," Athman alimsihi. "Ndivyo vinavyokula sumu ya mavi yao."

"Uchafu ni uchafu!"

Samaki wawili walipokufa, Fahima alitoka kwa hasira akaenda kwao Mkomani. Aliingia chooni kunawa uso, harufu ya chokaa iliyorowa ikamkumbatia. Ndani ya birika la kuogea lililojengwa ukutani mlikuwa na visamaki vile vile vya tangu utotoni, vinavyofugwa ili kula viluwiluwi vya mbu. Vilielea polepole juu ya mawe yenye utelezi wa kijani. Alivitazama mpaka akahisi yeye ndiye anayeelea. Maji ya birika lile huchotwa, yakaongezwa. Lakini mawe yake, tangu azaliwe, hakuna aliyeyasugua.

Akarudi na jiwe moja ndani ya leso, likidondosha maji njia nzima, akalizamisha tangini. Athman akafungua mdomo.

"Usiniambie kitu!"

Tangu hapo alibadilisha maji kidogo kidogo, akawalisha samaki chembe tu za chakula. Siku moja samaki walishuka, wakalizunguka jiwe, wametulia. Fahima akaegemeza shavu kwenye kioo, akavuta pumzi.

Nyumba ilinukia kama kwao.