Siku Mungu Wetu Alipopakwa Unga

Mungu wetu ana makwapa mawili, na la kushoto ni langu. Sijisifu, ni kazi tu. Dada yangu anasugua upande wa kulia, mimi wa kushoto, na Shangazi, mkuu wetu, anasugua uso. Anasema sisi wawili bado hatujakomaa kutazamana na mungu jicho kwa jicho.

Huyu si mungu wa kuchongwa. Ni Joka mzima, mwenye mabawa, pumzi ya moto, na kucha zinazotaka tupa ya fundi chuma. Analala katikati ya mji kwenye ukumbi mrefu kuliko soko, na akikoroma, vikombe vya mtaa mzima vinacheza kabatini. Waumini wanamwita Mwenye Pumzi. Sisi wasafishaji tunamwita Babu. Ukishamsugua mtu kati ya vidole vya miguu, majina makubwa makubwa yanagoma kutoka mdomoni.

Kwetu ndoa haiandikwi popote. Maharusi wanakuja na jiko jipya, halijaona moto tangu litengenezwe, wanaliweka mbele ya Babu, naye analipulizia. Likiwaka, mmeoana, mnabeba moto wenu nyumbani. Lisipowaka mpaka jua linapofika utosini, Kuhani anatangaza kwamba mungu amekataa, na waliokataliwa hawarudi tena kujaribu. Mimi sijawahi kuona waliokataliwa. Babu hana roho mbaya. Hata yule mzee aliyeoa mara ya nne alipuliziwa, ingawa kwa kuguna.

Basi ikafika zamu ya Dada. Alikuwa anaolewa na mwokaji mikate wa mtaa wa pili, kijana tunayemwita Hamira, kwa sababu ukimsifu kidogo tu anaumuka. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Na Babu aling'aa! Ungeweza kujitazama kwenye tumbo lake ukachana nywele.

Hapo lazima niseme ukweli. Kwa kawaida Babu anasuguliwa kwa majivu makavu, yale yanayobaki akipuliza moto wa asubuhi. Maji ni mwiko kabisa kwa mungu wa moto. Lakini siku mbili kabla ya harusi, mimi, na kichwa changu hiki, nilimwambia Dada, "Siku yako Babu naye apendeze bwana. Tumpake mafuta ya ufuta." Shangazi akaona ni wazo zuri. Tukampaka madebe kumi na moja, kuanzia puani mpaka ncha ya mkia.

Kuhani akaimba alichoimba. Jiko likawekwa. Babu akalitazama, akamtazama Dada, ambaye anampenda kuliko sisi wote, kisha akafunga mdomo na kurudi nyuma hatua moja.

Watu wa madirishani wakainama kutazama.

"Mm," akanguruma Babu.

Kuhani ndiye mkalimani wake. Babu akisema "mm", Kuhani anatoa hotuba ya nusu saa. "Mwenye Pumzi anasema," akaanza, "kwamba anaipima mioyo ya hawa wawili..."

"Mioyo inapimwa kwa kurudi nyuma?" Shangazi akaninong'oneza.

Kwenye paa la ukumbi kuna tundu, na duara la jua linatembea sakafuni polepole mpaka kwenye jiwe la katikati. Likigusa jiwe, ni saa sita, mchezo umekwisha. Lilikuwa limebakiza hatua nne hivi. Hamira akapiga magoti. "Babu, kama ni ile mikate iliyoungua chini, mbona niliomba msamaha!"

Babu akatikisa kichwa. Si mikate.

Wakati huo mama mmoja akapita na taa mkononi kwenda kuwasha ubani. Babu akauvuta mkia wake haraka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikamtazama. Nikanusa viganja vyangu. Bado vilikuwa vinateleza na kunukia ufuta.

Jamani. Mungu wetu alikuwa anaogopa kuungua.

"Ni mafuta!" nikapiga kelele. "Akipuliza atawaka mwenyewe!"

"Kufuru!" akasema Kuhani. "Moto haumchomi Mwenye Pumzi!"

"Akiwa mkavu," Shangazi akamjibu. "Samaki naye ana magamba, Kuhani. Mbona kwenye mafuta anakaangika?"

Babu akashusha kichwa mara tatu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Dada akanigeukia. "Kwa hiyo ni wewe."

"Tulikubaliana wote!"

"Nikitoka hapa nimeolewa, nitakusamehe. Nikitoka sijaolewa, mdogo wangu, tafuta mji mwingine."

Shangazi akaita majivu. Majivu yatoke wapi? Babu hakuwa amepuliza tangu tumpake. Sisi tulidhani anajihifadhia pumzi ya harusi. Jua limebakiza hatua tatu. Ndipo Hamira akasimama, akajikung'uta magoti. "Sisi mafuta yakimwagika mezani tunamwagia unga. Unayanywa yote."

Akatoka mbio na nguo zake za harusi. Akarudi anasukuma mkokoteni wenye magunia sita ya unga wa ngano, na nyuma yake wanafunzi wake wote na mifagio. Hakuna aliyeomba ruhusa. Watu wakashuka madirishani, wakavua viatu, wakapanda mgongoni kwa mungu wao, wanamwaga, wanasugua, wanafagia, wanacheka. Babu akainua bawa mwenyewe ili nifike vizuri kwapani. Halafu akaanza kuguna kwa raha, na mkia wake ukaangusha benchi la wazee wa heshima pamoja na wazee wenyewe.

"Mwenye Pumzi anasema..." akaanza Kuhani.

"Anasema shika brashi!" akasema Shangazi.

Akashika. Na anajua kusugua, nisimnyime haki yake.

Duara la jua lilipokuwa limebakiza upana wa kiganja, Babu akajitingisha. Sote tukawa weupe. Akajinusa begani, akajinusa kwapani, akajinusa hadi mkiani, bila haraka kama mjomba anayejiandaa kwenda matembezi, huku Dada akihesabu vidole vya jua. Kisha akainama juu ya jiko na kutoa mwali mmoja mwembamba, mpole, kama anapooza chai ya mtoto.

Jiko likawaka.

Kelele zilizopigwa pale sijui niziandikeje. Dada alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, kwa hiyo nadhani nilisamehewa. Shangazi alilia, akasema ni unga umemwingia machoni. Babu naye kwa furaha akapuliza mwali wa pili juu kuelekea paa, na joto likamrudia kifuani, mahali ambapo tulikuwa hatujafagia vizuri. Ule unga uliokunywa ufuta ukaiva palepale, ukapata rangi ya dhahabu, ukabanduka, ukaanguka sakafuni kipande kikubwa kama mlango.

Ukumbi mzima ukanukia mkate wa moto. Kuhani akainua mikono kutangaza muujiza. Hamira akamwahi, akachuchumaa, akamega pembeni, akatafuna huku amefumba macho. Tulingoja sote, Babu akiwa ametangulia kunyoosha shingo.

"Umekosa chumvi," akasema.